Mzigo Uliopita Kipimo

Somo juu ya kazi iumizayo moyo na akili



Mtu akisafiri kutoka Nyakanazi hata Lusahunga, na kutoka Lusahunga kupita Benaco mpaka daraja la Rusumo, huyaona malori makubwa yakifuatana mchana na usiku, yakichukua mafuta, saruji na bidhaa za kwenda nchi jirani. Malori hayo hayaendi hivi hivi tu. Njiani iko mizani, na lori hupandishwa juu yake lipimwe. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki haikubali lizidi tani 56, gari pamoja na mzigo wake. Likizidi, mwenyewe hutozwa faini, tena mzigo hupunguzwa. Maana kila mtu ajua ya kuwa mzigo uliopita kipimo huvunja ekseli, na huiharibu barabara waipitayo wengine.

Basi, ndani ya lori lile yumo dereva. Naye pia amechukua mzigo: usiku asiolala, ajali aliyoiona juzi, tajiri apigaye simu kuuliza mbona amechelewa, mke na watoto asiowaona mwezi mzima. Lakini dereva hapandishwi juu ya mizani yo yote. Lori hupimwa, mtu hapimwi.

Somo letu la mwezi huu ni habari ya mzigo huo usiopimwa, yaani kazi imlishayo mtu, na papo hapo ikamla. Twanena kwanza na wale waumiao. Tena twanena na wazee wa usharika na wainjilisti, kwa kuwa mara nyingi wao ndio waendewao kwanza, nao wakikosea katika jibu lao la kwanza, humrudisha mtu gizani. Jambo hili twalijua, maana sisi wenyewe tulikosea hivyo, kama tutakavyoeleza.

1. Kazi nzito katika wilaya zetu

Wako wasemao kwamba kuumizwa akili na kazi ni habari ya watu wa mijini, wakaao ofisini, na ya kwamba sisi wa Ngara na Biharamulo tumezoea taabu. Tuyaangalie yaliyotukia hapa kwetu.

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994 watu wapatao robo milioni, kwa hesabu iliyotolewa siku zile, walivuka daraja la Rusumo wakikimbia mauaji na vita vya Rwanda, wakaingia wilaya ya Ngara. Kambi ikafanyika Benaco, mahali palipopata jina lake kwa kampuni iliyokuwa imekaa hapo ikijenga barabara. Kwa siku chache porini pakawa mji mkubwa kuliko miji mingi ya nchi hii. Na majuma yale mto Kagera ulikuwa ukichukua maiti za waliouawa, ukizipeleka hata Ziwa Viktoria.

Sisi tulikuwa watoto wakati ule. Lakini twawakumbuka watu wazima walioajiriwa kambini: wauguzi, madereva wa magari ya maji, wagawa chakula, wachimba makaburi. Kazi ile iliendelea mpaka Desemba 1996, wakimbizi wa Rwanda waliporudishwa kwao. Na wengine waliendelea miaka mingi tena katika kambi ya Lukole, pamoja na wakimbizi wa Burundi. Katika kambi unga ulipimwa kwa kilo, maji kwa lita, na mahema yalihesabiwa. Waliyoyaona wale wahudumu hayakupimwa na mtu. Twamkumbuka mmoja, jirani ya wazazi wetu, aliyekuwa mcheshi kabla ya mwaka ule. Baadaye akawa mtu wa kukaa peke yake nyuma ya nyumba, chini ya migomba, na kibuyu cha rubisi mkononi. Majirani walisema, "Fulani amebadilika." Hakuna aliyeuliza amebadilishwa na nini.

Miaka 30 na zaidi ikapita. Tarehe 20 Januari 2025 Serikali ilitangaza kwamba ugonjwa wa Marburg umeonekana wilayani Biharamulo. Hata kufika tarehe 13 Machi 2025, ulipotangazwa kuwa umekwisha, walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 10, yaani 2 waliothibitishwa kwa vipimo na 8 waliodhaniwa kuwa nao. Na wote 10 walikufa. Miaka miwili kabla ya hapo, katika mwaka 2023, ugonjwa huo ulikuwa umeingia wilaya ya Bukoba, katika mkoa wetu huu huu wa Kagera. Waliugua watu 9, wakafa 6, na mmoja wa waliokufa alikuwa mhudumu wa afya. Ugonjwa huu huambukiza kwa damu na majimaji ya mwili, wala haukuwa na chanjo iliyokwisha kukubaliwa.

Basi mfikirini muuguzi wa Biharamulo, azijuaye habari za Bukoba, avaaye sare yake alfajiri na kuwaaga watoto wake akienda kazini.

2. Jinsi tulivyokosea

Katika siku zile alitujia mama mmoja, muuguzi wa zahanati. Jina lake hatulitaji, wala mahali pake, naye ameturuhusu kuyaandika haya ili yawafae wengine.

Akasema, "Bwana asifiwe, Baba Mchungaji. Mimi si mgonjwa. Nilipimwa joto kila siku, siku 21 zikaisha salama. Lakini usiku nikifumba macho, naiona mikono yangu ina damu. Naamka, naiosha, nalala. Naamka tena, naiosha. Mume wangu amehamia chumba kingine. Asubuhi nikiishika sare, tumbo lanikata. Zamani mtoto akilia pale zahanati, nalikuwa namkimbilia. Sasa namtazama tu, kana kwamba analia mbali. Baba, siuogopi tena ugonjwa ule. Naogopa vile nilivyokuwa mimi."

Tena akatuambia ya kwamba taabu yake haikuanza na Marburg. Kwa mwaka mzima kabla ya hapo walikuwa wawili wakifanya kazi ya watu watano. Mara nyingi alikesha zamu ya usiku, na asubuhi akaendelea na zamu ya mchana, kwa sababu hapakuwa na wa kumpokea.

Sisi tulikuwa na haraka, maana tulingojewa mazikoni. Tukamjibu, "Mama, vumilia. Kila mtu ana msalaba wake. Zidi kuomba, na hofu itakuondoka." Tukaomba naye kwa ufupi. Akasema, "Asante, Baba," akaenda zake.

Kwa majuma tisa hatukumwona ibadani. Katika kwaya pia aliacha kufika. Nasi tukadhani moyoni kwamba amepoa. Ndipo mzee mmoja wa kina mama alipotujia baada ya ibada, akasema kwa upole, "Utusamehe, Baba Mchungaji, tukikuambia neno. Yule mama hakupoa. Alikuja kwako na uchovu, akarudi na uchovu na hatia. Sasa kila asipoweza kulala, husema imani yake ni ndogo. Mzigo wake ulikuwa mmoja. Sasa ni miwili."

Neno hilo lilituchoma, kwa kuwa lilikuwa kweli. Tulikuwa tumempima yule mama, nasi hatukuupima mzigo wake. Tukaenda nyumbani kwake jioni ile, tukamwomba msamaha mbele ya mumewe, kisha tukakaa tukasikiliza mpaka usiku. Yafuatayo twayaandika kwa sababu ya jioni ile.

3. Tuujue mzigo huu kwa jina lake

Wazee wetu walisema: Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini mtu hawezi kuyafichua maradhi asiyoyajua jina.

Katika mwaka 2019 Shirika la Afya Ulimwenguni lilieleza katika orodha yake ya magonjwa hali ya mtu aliyechakazwa na kazi. Lilisema kwamba hali hiyo yenyewe si ugonjwa, bali ni jambo litokanalo na kazi, yaani na taabu ya kazini ya siku nyingi isiyotengenezwa. Nalo lilitaja dalili tatu. Ya kwanza, mtu huishiwa nguvu kabisa, hata usingizi haumrudishii. Ya pili, moyo wake hujitenga na kazi yake. Huwadharau au huwachukia wale aliokuja kuwahudumia. Ya tatu, huona kwamba afanyalo halifai kitu tena. Yule mama alipomtazama mtoto alilia "kana kwamba ni mbali," hakuwa amegeuka mtu mbaya. Ilikuwa dalili ya pili.

Zaidi ya hali hiyo yako magonjwa yenyewe, ambayo yaweza kuamshwa au kuzidishwa na kazi. Iko sonona, yaani huzuni nzito ishikayo majuma mawili na zaidi, inayomwondolea mtu furaha ya chakula, ya watoto, hata ya wimbo. Iko hofu isiyokoma. Tena liko jeraha la mtu aliyeona mambo ya kutisha, naye huyaona tena usiku na mchana kana kwamba yanatukia sasa. Haya hutibiwa na matabibu, kama homa itibiwavyo. Wala si haba kwa wingi wake: mwaka 2022 Shirika la Afya Ulimwenguni na Shirika la Kazi Duniani yalieleza kwamba kwa sababu ya sonona na hofu, dunia hupoteza siku za kazi kama bilioni 12 kila mwaka.

Nini huuzidisha mzigo? Tumewasikiliza watu wengi tangu siku ile, nasi tumeona mambo manne yakirudi. Kazi kuwa nyingi kuliko mikono. Mtu kutokuwa na neno lo lote katika kazi yake, akaamriwa tu. Kufanya kazi vema na kutosikia shukrani wala kupata haki. Na kuagizwa jambo ambalo dhamiri yalikataa, au kuona mauti mara kwa mara pasipo mahali pa kuliweka lile aliloliona. Mwalimu mwenye watoto 100 na zaidi katika darasa moja, askari wa zamu za usiku, karani aagizwaye kuandika hesabu zisizo za kweli, msichana wa kazi za nyumbani asiyepumzika hata Jumapili: hao wote wamo katika habari hii.

4. Watumishi wa kale

Mtu asiseme kwamba imani yenye nguvu haichoki. Musa aliketi kuwaamua watu tangu asubuhi hata jioni, na mkwewe Yethro alipoona, hakumwambia avumilie. Alimwambia kwamba jambo lile si jema, ya kuwa atadhoofika yeye na watu pamoja naye, akamwonyesha namna ya kuigawa kazi kwa wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi (Kutoka 18). Angalieni: Yethro hakuitengeneza roho ya Musa, aliitengeneza kazi. Na baadaye mzigo ulipomlemea tena Musa hata akaomba kufa, alipewa wazee 70 wa kuuchukua pamoja naye (Hesabu 11).

Eliya naye alilala chini ya mti jangwani akitamani kufa (1 Wafalme 19). Je, malaika alimkemea? Hapana. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Maneno yalikuja baadaye, mwili ulipokwisha kupata nguvu. Kisha akapewa Elisha awe pamoja naye.

Na sisi Walutheri tusisahau kwamba Martin Luther mwenyewe aliijua huzuni hii, na mwaka 1527 ilimshika vikali. Mwaka 1530, alipokuwa katika ngome ya Coburg, alimwandikia kijana Hieronymus Weller aliyesumbuliwa na huzuni, akamshauri asikae peke yake, bali atafute watu, azungumze na kucheka. Tena yeye ndiye aliyetufundisha kwamba kazi ya mshona viatu na ya mama wa nyumbani ni wito, kwa kuwa humfaa jirani. Basi ikiwa kazi ni wito kwa ajili ya jirani, tusisahau kwamba mfanyakazi naye ni jirani wa mtu.

5. Kupima, kugawana, kutua

Neno la kwanza ni kupima. Chukua daftari ndogo, na kwa majuma mawili andika kila jioni: nimelala saa ngapi, nimefanya kazi saa ngapi, ni kazi gani iliyonitetemesha, ni nani au nini iliyonipa nguvu. Kisha uyagawe uliyoyaandika katika mafungu matatu: yale niwezayo kuyabadili mwenyewe, yale awezayo kuyabadili mkubwa wangu, na yale yasiyobadilika. Yule mama alipofanya hivyo aliona jambo asilolitazamia. Kazi ya kuwauguza watu haikuwa imemshinda. Kilichomshinda ni zamu mbili zilizoungana, na yale aliyoyaona akakosa wa kumwambia.

Katika kupima, sheria ni mizani yetu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yasema kwamba saa za kawaida za kazi zisizidi 9 kwa siku wala 45 kwa juma, wala siku za kazi zisizidi 6 kwa juma. Tena mfanyakazi apate saa 24 za kupumzika mfululizo kila juma, na likizo ya siku 28 kila mwaka. Akiugua, na daktari akiandika cheti, anazo siku 126 za ugonjwa katika muda wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara wote na nusu ya pili kwa nusu ya mshahara. Ugonjwa wa akili nao ni ugonjwa. Wengi huteseka kwa kutojua kwamba pumziko si fadhili ya mkubwa.

Neno la pili ni kugawana. Mithali yasema: Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa mtu wa nje mzigo wako ni mwepesi kama usufi, mpaka umpe aushike kidogo. Kwa hiyo mwambie mtu mmoja kwanza, mume au mke, rafiki, mzee wa usharika. Kisha mwendee mkubwa wako wa kazi, na ikiwezekana nendeni wawili. Usiende na hasira ya jana. Nenda na daftari lako, ukasema, "Mwezi huu nimeunganisha zamu mara sita, tarehe hizi na hizi, naomba tupange upya." Mkubwa mwema hushukuru, maana yeye naye huogopa kosa la muuguzi aliyesinzia. Asiposikia, andika barua na ubaki na nakala. Kiko chama cha wafanyakazi, na yuko afisa kazi.

Mwendee tabibu pia. Anza na hospitali ya wilaya, nawe sema wazi, "Silali, na moyo wangu umekuwa mzito," usiseme tu kwamba kichwa chauma. Wakiona vema watakupeleka Bukoba, au hospitali ya Bugando, Mwanza, ambako wako madaktari wa akili. Watu huogopa kuonekana huko. Lakini kanisa letu halikuona haya kuwauguza wagonjwa hawa. Kule Lutindi, katika milima ya Usambara, kituo cha misheni kilichoanzishwa mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani kiligeuzwa baadaye kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Basi wazee wetu walikwisha kutufungulia mlango, na sisi twaona aibu kuingia?

Wala mtu asiutafute ugawaji huu katika chupa. Rubisi na gongo humpa mtu usingizi wa saa tatu, kisha humwamsha usiku wa manane na hofu iliyozidi. Hali kadhalika vidonge vya usingizi vinunuliwavyo dukani pasipo cheti cha daktari.

Neno la tatu ni kutua. Mpagazi wa zamani, aliyechukua mzigo wake kutoka pwani hata Tabora na Karagwe, hakuubeba usiku na mchana. Jioni aliutua, akala, akalala, na asubuhi akauinua tena. Kutua kwa kwanza ni kwa kila siku: ukifika nyumbani vua sare, oga, kaa na wanao, na simu ya kazini inyamaze ikiwa si zamu yako. Kutua kwa pili ni siku ya juma, na likizo isiyouzwa kwa fedha. Kutua kwa tatu ni kubadilishiwa kazi ndani ya kazi.

Kutua kwa mwisho ni kuiacha kazi yenyewe. Hapa wengi hutuuliza, "Je, si dhambi?" Twajibu: si dhambi kuuweka chini mzigo ukuuao. Lakini usiutupe katikati ya barabara. Keti na mwenzi wako mhesabu chakula cha nyumba, ada ya shule na mkopo. Tafuta kazi nyingine ungali na hii, ikiwa nguvu zakutosha. Ikiwa hazikutoshi, na uhai wako u hatarini, toka kwanza, na hesabu zifuate. Tena ijulikane ya kwamba mwajiri akiifanya kazi isivumilike hata mfanyakazi akaacha, sheria yaweza kukuhesabu huko kuwa ni kuachishwa. Na aliyeachishwa isivyo haki hupeleka shauri lake kwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kabla siku 30 hazijapita.

Hatutawadanganya kwamba kutua hakuna gharama. Dereva mmoja wa malori, baada ya kuona ajali tatu katika mwaka mmoja, aliacha usukani, akarudi kulima na kuuza duka dogo. Watoto wake wawili walihamishwa kutoka shule ya kulipia. Tulipomwuliza kama ajuta, alisema, "Mchungaji, nimepungukiwa fedha, nimepata usingizi. Siku nyingine fedha ndiyo inauma zaidi. Lakini watoto hawaniogopi tena." Hayo ndiyo majibu ya kweli.

6. Neno kwa wazee na wainjilisti

Ndugu, mtu akiwajia na mzigo huu, msianze na neno "vumilia." Kuvumilia ni kwema mahali pake, lakini si dawa ya kila kidonda, mguu uliovunjika hauvumiliwi, hufungwa. Msimpime imani. Mwulizeni mambo manne: Walala? Wala? Wapumzika siku gani? Nani mwingine ajua? Kisha nyamazeni msikilize. Maombi yaje, wala yasiwe njia ya kumwaga mtu upesi.

Akisema kwamba atamani kufa, au kwamba watu wangepumzika kama yeye asingekuwako, msimkemee wala msimwache peke yake usiku ule. Mwulizeni waziwazi kama anafikiri kujiua. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo, bali humfungulia kinywa. Ondoeni karibu naye sumu za shambani, dawa nyingi na kamba, mpelekeni hospitali asubuhi, na mmoja wenu afuatane naye.

Tena tujiangalie sisi wenyewe. Wako wazee na wainjilisti wazikao watu Jumatatu, wapatanishao ndoa Jumanne, wakesheao wagonjwa Jumatano, wala hawana siku ya kupumzika kwa kuwa Jumapili ni kazi. Usharika umpangie mwinjilisti wake siku yake, nao uilinde. Kamba hukatikia pembamba.

7. Yule mama

Mwataka kujua habari ya yule mama. Daktari alimwona, akampa dawa na ushauri kwa miezi kadhaa. Mganga mfawidhi alipoonyeshwa daftari, alikubali zamu zisiunganishwe tena. Mfanyakazi wa kuongezwa alichelewa sana kupatikana, kwa hiyo zahanati ilifunga kazi zisizo za haraka alasiri mbili katika juma. Watu walinung'unika, kisha wakazoea. Yeye alihamishiwa kliniki ya akina mama na watoto. Hakupona mara moja. Yako majuma ambayo mikono huoshwa tena usiku. Lakini mume wake amerudi chumbani, naye hukaa naye akiiosha, wakirudi kulala pamoja.

Jumapili moja alirudi kwaya, akasimama mahali pake mstari wa pili. Baada ya ibada akatusalimu kwa mkono, akasema, "Baba Mchungaji, leo zahanati mtoto mmoja alilia alfajiri. Nilimkimbilia."

Maswali ya kuzungumza katika mitaa

1. Katika mtaa wetu, ni kazi zipi zinazochukua mzigo usioonekana? Tuzitaje moja moja.
2. Tunasema nini mtu anapotuambia, "Nimechoka na kazi"? Jibu letu humpunguzia mzigo au humwongezea?
3. Je, yuko mtu ambaye tulisema "amebadilika," wala hatukuuliza amebadilishwa na nini? Nani atakwenda kwake juma hili?